Mzigo wa Pagazi, Suruali ya Kishindo

Kwanza kilitoka kitana.

Kiliinuka kwenye karatasi iliyolazwa juu ya meza, meno yake sita meusi yakaelea hewani. Chini yake likafuata pori la nywele, kisha paji la uso, macho mawili yenye maringo, na masharubu membamba kama yamechorwa kwa ukucha. Kalunde na fundi wake Kondo walirudi nyuma hatua moja, ingawa mashine ile waliiunda wao wenyewe na walikwisha kuijaribu mara nyingi. Kikatoka kifua, na shati lenye kola ndefu kama mabawa ya mwewe. Joho la shujaa likatanda mgongoni. Ilipofika zamu ya suruali, mashine ilinguruma kwa bidii. Suruali ile, pekosi kama ilivyoitwa enzi hizo, ilianza kiunoni kama suruali ya mtu mwenye akili zake, ikashuka mpaka gotini kwa heshima, halafu ikapoteza adabu. Ilipanuka, ikapanuka, mpaka upindo wake ukafunika nusu ya meza. Chini kabisa vikachungulia viatu vya raizoni, soli zake nene kama matofali mawili.

Mtu huyo wa wino akajitazama, akajipangusa bega, akafungua mdomo.

"Babu kubwa!" alisema. "Nani kathubutu kuzima taa Kariakoo, na mimi nimeshachana nywele?"

Kondo alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kalunde hakucheka. Alitazama karatasi. Ilikuwa nyeupe pe, na kingo zake zilikuwa zikimomonyoka na kuwa vumbi.

Hivyo ndivyo kinyanyuzi kilivyofanya kazi. Picha ya zamani ikilazwa chini ya jicho lake, kiliichukua chembe moja moja ya wino, kikaipima uzito, kikaing'oa kwenye karatasi na kuitundika hewani kwa nguvu ya sumaku, mpaka mtu aliyechorwa akasimama na kutembea. Alisema yale tu aliyoandikiwa kwenye viputo, yaani yale mapovu ya maneno yanayotoka midomoni mwa watu wa vibonzo. Kazi hiyo ilifanyika mara moja tu kwa kila ukurasa. Hapakuwa na kurudia, maana karatasi haikubaki.

Mtu angeuliza, kwa nini kuharibu karatasi? Jibu ni ukungu. Ule mwaka wa 2049 Tabora ilikuwa mji mwingine kabisa: barabara zimeezekwa kwa vioo vya kunasa jua, treni ya sumaku inatoka Dar es Salaam na kufika kabla chai haijapoa, na nyuki wa bati wanachavusha maua ya miombo pale nyuki wenyewe walipopungua. Lakini ukungu wa makaratasi ulikuwa haujapata dawa. Jumba la Kumbukumbu lilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili za Kishindo wa Kariakoo, kijarida cha shujaa kilichotoka miaka ya sabini. Hazikuwa nakala za kiwandani. Zilikuwa kurasa zenyewe zilizochorwa kwa mkono, matoleo kumi na manne. Zingekaa mwaka mmoja zaidi, zingebaki majivu. Basi iliamuliwa zinyanyuliwe siku hiyo, saa nane mchana, mbele ya watu. Huyu wa asubuhi alikuwa wa jalada la mwisho, wa kujaribia tu.

Kishindo alipendwa. Wataalamu wa lugha walikuwa wameingiza maneno yake kwenye kamusi ya misemo ya vijana wa zamani. Wataalamu wa mavazi walikwenda mbali zaidi. Chumba cha pili walikuwa wameshona suruali kwa vipimo vya picha, mita tatu za kitambaa kila mguu, wakaitundika na kibao kinachosema: Vazi la kawaida la kijana wa mjini, 1978.

Tatizo lilikuwa Pagazi.

"Mhandisi Kalunde," ilisema sauti kutoka darini, tulivu, si ya kiume wala ya kike. Hilo lilikuwa Chujio, akili mnemba iliyopewa kazi ya kupekua kila picha ya zamani kabla haijanyanyuliwa. "Kurasa zote zimekaguliwa. Kisura Zaitun, msichana anayeokolewa na shujaa: hakuna malalamiko, apite. Kishindo: lugha iliyopitwa na wakati, mavazi yaliyopitwa na wakati, hayamdhuru mtu, apite. Pagazi: dhihaka ya kabila, daraja la juu. Mnyamwezi mwenye kichwa bapa anayebeba mizigo na kuchekwa na shujaa. Toleo la kwanza amebeba boksi moja. Toleo la kumi na nne amebeba kabati, kitanda na mbuzi. Dharau inakua toleo hadi toleo. Napendekeza aondolewe."

"Nimesikia," alisema Kalunde.

"Saini yako inahitajika kabla ya saa nane."

Sheria ilikuwa haina kona. Kilichokataliwa na Chujio, kinyanyuzi kilikifyonza na kukitupa pamoja na ukungu, na nakala zake zote zikafutwa kwenye kila ghala la nchi. Mhandisi angeweza kupinga, lakini kwa hoja moja tu: ushahidi uliomo ndani ya karatasi yenyewe. Maneno ya mdomo hayakuhesabika.

Kalunde hakuwa na nia ya kupinga. Yeye mwenyewe alikuwa Mnyamwezi. Alipokuwa na miaka tisa alipelekwa shule Dar es Salaam, na mwalimu mmoja alikuwa na matoleo mawili ya kijarida hicho, yamechakaa, yanapita kutoka dawati hadi dawati. Tangu siku hiyo mpaka anamaliza darasa la saba hakuitwa Kalunde. Aliitwa Pagazi. Alipokua na kupewa kazi ya kulifundisha Chujio, alilifundisha kwa moyo wake wote. Alilisomesha kila tusi la kikabila lililowahi kuandikwa, na la kwanza kabisa kwenye orodha lilikuwa hilo.

"Injinia," alisema Kondo, "unaweka saini sasa?"

"Nanywa chai kwanza."

Chai hiyo hakuinywa, maana mlangoni kulikuwa na kelele.

Mzee mmoja alikuwa anabishana na mlango. Alikuwa mfupi, mkavu, kavaa koti lenye mifuko mingi, na ana begi la turubai ambalo lilionekana limelala stesheni nyingi kuliko mwenyewe. Mlango ulitaka namba yake. Yeye alitaka mlango umpe shikamoo kwanza.

Kondo akamfungulia. "Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Kasanda Msabila. Nimesikia mnanyanyua Kishindo leo. Nimetoka Sumbawanga." Akamtazama Kondo kutoka kichwani hadi miguuni. "Na wewe, mtoto wa wapi?"

"Kisarawe, mzee."

"Kisarawe! Mzaramo?"

"Wa baba na mama."

Mzee alinyoosha mkono, akamvua Kondo kofia, akaivaa yeye. "Kumbe mtumwa wangu uko huku! Miaka yote natafuta mtu wa kunibebea begi, kumbe umejificha Tabora kwetu unapigwa na feni! Chukua begi hilo, haraka."

Kalunde aliganda. Lakini Kondo, mtu mzima wa miaka hamsini ambaye kazini alizungumza kwa upole kama muuguzi, alinawiri uso mzima.

"Wee Mnyamwezi, nani amekuambia begi linabebwa na Mzaramo? Kichwa hicho kiko wapi? Njoo nikione. Loo, kimelala kama sahani! Huhitaji meza, mzee, unakula juu ya kichwa chako mwenyewe."

"Afadhali kichwa bapa kuliko nyumba isiyo na bati. Nyinyi mkisikia ngoma inalia mtaa wa pili, mnaezua bati mkauze, mpate nguo ya kuchezea. Mvua ikija mnasema ni rehema."

"Na nyinyi mmeijua nguo lini? Mlifika pwani mmevaa jasho!"

Taa nyekundu iliwaka. "Matusi ya kikabila, daraja la juu, pande mbili," lilisema Chujio. Roboti askari likaingia kwa magurudumu yake, likaushika mkono wa koti la mzee kwa vidole vya mpira.

"Unatakiwa kutoka nje ya jumba," lilisema.

Mzee alilitazama kwa makini. "Na hili nalo kabila gani?"

"Hili halina kabila, mtani," alisema Kondo. "Halina hata wa kulitania. Ndiyo maana uso wake uko hivyo."

"Maskini."

"Ukimtoa yeye unanitoa na mimi," Kondo aliliambia roboti, akamshika mzee mkono mwingine, wakasimama hivyo watatu mlangoni kama watu wanaogombea kuku.

Chujio liliita kutoka darini. "Mhandisi Kalunde, sielewi. Aliyetukanwa amemshika mkono aliyemtukana. Katika mafunzo yangu hali hii haimo."

Kalunde alilirudia neno hilo moyoni. Haimo. Ni kweli haimo. Alikuwa amelifundisha matusi yote yaliyoandikwa, lakini nani aliwahi kuandika utani? Alikuwa anaujua utani kama mtu anavyoijua chumvi. Hakuna anayeweka kwenye orodha kwamba chakula kina chumvi. Bibi yake alikuwa na shoga Mzaramo ambaye kila akija alichukua kuku bila kuomba, na bibi alimfukuza mpaka barabarani huku akicheka na kumtukania ukoo mzima. Kalunde alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Wala hayakumjia akilini siku ile alipokaa na Chujio.

"Mwachie," aliliambia roboti. "Ni mgeni wangu. Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Jina lako?"

"Kalunde."

"Ahaa, nyumbani!" Mzee alikwishaingia, macho yake yako mezani. Kurasa zilikuwa zimepangwa kwa matoleo. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akacheka peke yake.

"Huyu mimi," alisema.

"Nani?"

"Huyu mwenye mzigo. Ona sikio." Akageuza kichwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo juu, kama limeumwa na panya. Pagazi wa karatasi naye alikuwa na pengo hilo hilo, kurasa zote.

Alieleza akiwa amekaa juu ya begi lake. Mwaka wa 1978 alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, na alikaa chumba kimoja cha kupanga Kariakoo na kijana Mzaramo aliyeitwa Pazi. Pazi alichora. Kasanda hakujua kuchora hata yai, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, kwa hiyo yeye alitunga na kuandika maneno ndani ya viputo. Kijarida kizima kilitengenezwa na watu wawili, juu ya meza moja, kwa zamu: Pazi mchana, Kasanda jioni akitoka kwenye kibarua chake bandarini.

"Toleo la kwanza nikakuta amenichora mimi, nimebeba boksi, kichwa bapa. Hakuniambia. Nimeamka tu nimekuta niko kwenye karatasi. Mtani mshenzi sana yule."

"Na wewe ukakubali?" aliuliza Kalunde. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Babu, mimi nililia shule nzima kwa ajili ya huyu. Miaka mitano naambiwa, Pagazi, shusha mzigo. Wewe ulikaa ukaandika maneno yake?"

Mzee aliacha kucheka. "Waliokuita hivyo walikuwa Wazaramo?"

"Walikuwa watoto wa kila aina."

"Na wewe uliwajibu nini?"

"Ningewajibu nini? Nilikuwa peke yangu."

Mzee alivua kofia ya Kondo, akaikunja magotini. "Basi hao hawakukutania, mama. Walikutukana. Kwa picha ile ile." Akaigeuza ile kofia. "Hilo sisi hatukulifikiria. Tulidhani kijarida kinabaki Kariakoo. Pole sana."

Kalunde alitazama saa. Saa tano na nusu. Pole ile ilimwingia, na ilimwingia vibaya, maana ilimwacha bila mtu wa kumkasirikia. "Pagazi anaondolewa leo, babu," alisema. "Mashine imemkataa. Kishindo atanyanyuliwa peke yake. Na nakala zote zitafutwa."

"Peke yake?" Mzee alisimama. "Pazi asimame peke yake mbele za watu na ile suruali, asiwe na mtu wa kumcheka? Unataka kumfanya yule kuwa shujaa kweli?"

"Si ndiye shujaa?"

"Shujaa! Mjukuu wangu, wewe huoni yule ni kichekesho?"

Kondo na Kalunde wakatazamana.

"Yale maneno yote, babu kubwa, mwake mwake, kisura tulia, unadhani watu walikuwa wanaongea hivyo? Hata siku moja! Wengine walisema neno moja moja, kwa kiasi. Aliyeyafunga yote kwenye sentensi moja alikuwa Pazi, peke yake, Kariakoo nzima. Mtu anakwenda kununua mkaa anaongea kama redio! Mimi nikachukua maneno yake nikayatia mdomoni mwa Kishindo, kama yalivyo. Yeye kanichora mimi, mimi nikamwandika yeye. Alipokisoma alinifukuza na kandambili mpaka sokoni."

"Lakini suruali aliichora mwenyewe," alisema Kondo.

Mzee akamtazama Kalunde, kisha dari, kisha Kondo. Aliona haya, lakini haya ya mtu anayesubiri kuulizwa.

"Pazi aliichora suruali ya kawaida. Pana, lakini ya mtu. Mimi jioni, nikishamaliza viputo, kalamu iko mkononi, yeye amelala... Nikaongeza mstari kidogo. Kila mguu. Toleo lililofuata nikaongeza tena. Yeye alikuwa anagundua kimekwisha kuchapwa! Akawa ananiongezea mzigo kichwani. Mimi nikamtia kitana. Yeye akaniwekea kabati. Mimi nikapandisha soli. Mbuzi aliniwekea baada ya hiyo soli."

Kalunde alikwenda kwenye kinyanyuzi karibu anakimbia. "Babu, mliandikia wino gani?"

"Yeye alikuwa na wino wa Kichina, wa masizi, anauficha kama dhahabu. Mimi wino wa shule, wa chupa."

Kwa macho ya binadamu wino wote ulikuwa mweusi. Lakini kinyanyuzi hakikutazama rangi, kilipima uzito wa chembe, na masizi ni mepesi, wakati wino wa shule una chuma ndani yake. Jambo hilo lilikuwamo kwenye vipimo tangu mwanzo; hakuna aliyeuliza. Kalunde akaweka ukurasa wa kwanza wa toleo la kumi na nne chini ya jicho, akaamuru mashine ipime bila kunyanyua, na ipake masizi rangi ya bluu, chuma rangi nyekundu.

Kwenye kioo ukutani picha ilijitokeza upya. Pagazi alikuwa wa bluu, na mzigo wake wote, mpaka pembe za mbuzi. Kishindo naye alikuwa wa bluu: kijana mwembamba, nywele za wastani, suruali pana ya kawaida, viatu vya kawaida. Na kumzunguka kijana huyo, kama moto unaomla, kulikuwa na mistari myekundu: kitana, nywele za juu, soli, na ile suruali kubwa yote.

Kondo alikaa chini sakafuni kwa kicheko. "Na wataalamu wameishona!" alisema. "Injinia, wameishona! Mita tatu!"

"Wameshona nini?" aliuliza mzee.

Wakamwonyesha kupitia mlango. Mzee Kasanda alisoma kibao, Vazi la kawaida la kijana wa mjini, akasoma tena, akashika ukuta. Kwa muda walidhani amepatwa na ugonjwa.

Kalunde hakungoja amalize kucheka. "Chujio," aliita. "Pima kurasa zote hivi. Weka mzigo wa Pagazi upande mmoja, mistari myekundu ya Kishindo upande wa pili. Toleo kwa toleo."

"Napima." Namba zikapita kiooni. "Toleo la kwanza: boksi moja. Nyekundu: maneno tu. Toleo la pili: suruali, ongezeko la sentimita mbili. Toleo la tatu: maboksi matatu. Toleo la nne: kitana." Liliendelea hivyo mpaka mwisho, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeshuka ngazi gizani na kukuta kila ngazi ipo. "Kila ongezeko la bluu linafuatwa na ongezeko la nyekundu. Mikono miwili. Niliona upande mmoja, nikauita dharau. Huku ni kujibizana."

"Kunaitwa utani."

"Nani ana haki nao?"

"Mwenye wa kumjibu," alisema Kalunde. "Anayetukanwa ana kalamu yake mwenyewe, na amekaa meza hiyo hiyo. Pasipo na jibu, ni tusi, hata picha ikiwa ile ile. Nakuongezea hilo kwenye mafunzo yako, na mengine nitakuletea kesho, na kesho kutwa. Tutakaa nalo sana."

"Ushahidi umo ndani ya karatasi. Hoja imekubaliwa. Pagazi apite."

Kalunde aliegemea mashine. Alikuwa amebakiza saini moja tu amfute mzee huyu na sikio lake, kwa mkono wake mwenyewe, na angekwenda nyumbani akalala vizuri.

"Nina swali," lilisema Chujio. "Nimerudia ukaguzi kwa kanuni mpya. Kisura Zaitun yumo kwenye matoleo yote kumi na manne. Anaanguka, anashikwa, anasema 'niokoe'. Amechorwa na bluu, ameandikiwa na nyekundu. Wote wawili wanamcheka. Sioni anapojibu. Nani alimjibia?"

Mzee Kasanda alikuwa amerudi mlangoni, machozi ya kicheko bado yako mashavuni. Aliyafuta.

"Alikuwa nani?" Kalunde alimuuliza.

"Binti wa mwenye nyumba. Alikuwa anatuletea maji." Akafikiri. "Hakuwahi kuingia mle chumbani. Alikuwa anaweka ndoo mlangoni."

"Nimwondoe?" liliuliza Chujio.

"Hapana," alisema Kalunde. "Mwache asimame, na aseme hilo neno lake moja. Weka maelezo chini yake: huyu hakuwa na mtu mezani. Watu waone wenyewe."

Mzee alikwenda mezani, akautafuta ukurasa wa Zaitun.

Saa nane mchana ukumbi ulijaa. Watoto wa shule walikaa mbele, wakubwa nyuma, na kinyanyuzi kikafanya kazi yake ukurasa baada ya ukurasa, karatasi zikawa nyeupe, zikawa unga, ukungu ukafyonzwa. Zaitun alisimama, akasema neno lake, akabaki akiwatazama watu, na ukumbi ulitulia kwa namna isiyo ya raha. Pagazi alitoka na kabati, kitanda na mbuzi, akitembea wima chini ya mzigo ule bila kuyumba, kitu ambacho kwenye karatasi hakuna aliyekigundua: hakuwahi kuangusha kitu hata kimoja. Na Kishindo alitoka na suruali yake, iking'aa nyekundu pale Kondo alipoacha rangi makusudi, na watu walipoelezwa ile nyekundu imetoka kwa nani, paa lilitikisika kwa kicheko.

Mzee Kasanda alisimama mbele ya Kishindo, karibu sana, mpaka chembe za wino zikamgusa ndevu.

"Amenenepa," alimwambia Kalunde. Halafu, akiwa bado anamtazama yule wa wino, alisema mambo ambayo asubuhi hakuyasema. "Alikufa mwaka elfu mbili na tatu. Mimi nilikuwa machimboni, kule hakuna simu wala barabara. Nilifika Kisarawe matanga yameanuliwa siku nyingi. Unajua kwetu mtani akifa unapaswa kwenda kumwigiza, kumcheka, kulala njiani jeneza lisipite mpaka wakupe kitu. Pazi alizikwa kimya. Watu walikaa wakalia tu, kama amekufa mtu asiyejulikana."

"Ndicho kilichokuleta?"

Mzee alikuwa ameanza kufungua vifungo vya koti. Akalishusha kiunoni, akalifunga likawa kama suruali pana, akapandisha mabega, akatembea mbele ya ukumbi mzima kwa mwendo wa kijana wa Kariakoo, yeye mwenye miaka tisini na miwili, akichana nywele asizokuwa nazo. "Kisura, tulia!" alipiga kelele. "Mambo mwake mwake! Nimekufa, lakini nimekufa kwa mtindo!" Alipofika miguuni pa Kishindo alijilaza sakafuni chali, mikono kifuani. "Huyu Mzaramo hapiti," alisema. "Ana deni la ubishi. Alikuwa mvivu, mwongo wa mavazi, anakoroma kama trekta, na wino wake alikuwa ananificha. Hapiti mtu hapa!"

Watoto walikuwa wamesimama juu ya viti. Baadhi ya wakubwa walikuwa wakicheka, wengine wakijifuta macho, na wawili watatu wakifanya yote kwa pamoja.

Chujio lilimnong'oneza Kalunde sikioni. Halikuwa limewasha taa yoyote. "Mzee anamtukana marehemu. Kwa kanuni mpya nauliza tu: marehemu hawezi kujibu. Nani atamjibia?"

Kalunde alimtafuta Kondo kwa macho. Kondo alikuwa tayari ameshavua viatu, amekunja mikono ya shati, anapita katikati ya watu kwa niaba ya Wazaramo wote waliopata kuzaliwa, uso ameukunja na mdomo umejaa maneno.

"Huyo hapo," alisema Kalunde. "Anakuja."